Maswali Yenu: Mwarobaini, Jani Lake, Mafuta Yake, Mbegu Yake

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia mti mmoja, mwarobaini. Waganga wa Ayurveda, tiba ya asili ya India, huuita nimba, nao umo katika vitabu vyao vya kale, vya Charaka na vya Sushruta. Tatizo tunaloliona katika barua zenu ni hili: wengi mnahesabu jani, gome, mbegu na mafuta kuwa dawa moja. Sivyo. Jani linalotafunwa asubuhi na mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu vinatofautiana kama chai na petroli.

SWALI: Uani kwangu kuna mti ambao jirani anasema si mwarobaini, ni nduguye tu. Majani ni machungu na una matunda madogo ya manjano. Nitajuaje?

JIBU: Uchungu na rangi ya tunda havitoshi, kwa sababu huyo nduguye anavyo vyote viwili. Chuma jani zima pamoja na uti wake mrefu, usichume kijani kimoja kimoja. Jani la mwarobaini, Azadirachta indica, limekaa kama unyoya: uti mmoja, na vijani vidogo vimejipanga kushoto na kulia, basi. Kila kijani kimepinda kama mundu, kingo zina meno, na pale kinapoungana na uti upande mmoja ni mpana kuliko mwingine. Uti ukigawanyika tena kuwa matawi madogo yenye vijani vyake, ulioshika ni mmelia, Melia azedarach. Wahindi huuita bakain, na katika Kisanskriti ni mahanimba.

Ukichanua, mambo ni rahisi zaidi. Maua ya mwarobaini ni meupe na hunukia kama asali. Ya mmelia yana rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini limerefuka kama zeituni, huanguka likiiva, na kokwa lake ni laini kwa nje. La mmelia ni la duara, hubaki likining'inia hata majani yakipukutika, na kokwa lake ni gumu lenye mifereji. Tofauti hii si ya kitaaluma tu: matunda ya mmelia ni sumu, kwa watoto na kwa mifugo. Mpaka uwe na hakika, usichemshe chochote cha mti huo.

Wapo pia wanaochanganya na karipata, jani la kiungo cha mchuzi, kwa sababu Kihindi huuita mitha nim, nim tamu. Ponda jani puani: karipata lina harufu kali ya kiungo, la mwarobaini lina harufu ya majani tu.

SWALI: Shikamooni. Nachemsha sufuria nzima ya majani mpaka maji yawe meusi, nakunywa vikombe vitatu kwa siku ili kusafisha damu. Huu ni mwezi wa tatu. Siku hizi napata kizunguzungu na jasho jembamba kabla ya chakula cha mchana. Natumia pia vidonge vya kisukari. Nipunguze majani au niongeze maji?

JIBU: Marahaba. Usifanye lolote kati ya hayo. Acha kunywa kwanza. Jani la mwarobaini linaweza kushusha sukari, na vidonge vyako vinashusha sukari. Vikikutana saa ambayo tumbo ni tupu, kizunguzungu na jasho ndivyo dalili zake. Hali hiyo ikikujia, kula kitu chenye sukari papo hapo, pima, kisha mwone daktari aliyekuandikia vidonge umweleze kila ulichokunywa. Vidonge usiviache kwa uamuzi wako.

Sasa kuhusu vipimo, maana barua nyingine saba zimeuliza hilohilo. Katika Ayurveda mchemsho huitwa kwatha, na una hesabu. Dawa laini huwekewa maji mara 4 ya uzito wake, iliyo ngumu kabisa hufika mara 16, kisha huchemshwa mpaka ibaki robo. Jani ni laini. Gome gumu linahitaji maji mengi kwa sababu linatoa nguvu yake polepole. Kwa hiyo sufuria iliyojaa majani, ikachemka saa nzima bila kipimo, haina jina katika utaratibu huo. Hujui umekunywa gramu 5 au 50. Moto uwe mdogo, sufuria iwe wazi, na mchemsho unywewe siku hiyohiyo. Wa jana unamwagwa, haupashwi moto.

Kipimo cha jani katika orodha rasmi ya dawa za Ayurveda ya India ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: unga wa majani makavu gramu 1 hadi 3, au maji ya majani mabichi mililita 10 hadi 20. Gramu 3 ni kama kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Wala dawa hii haikukusudiwa kila mtu. Nimba inahesabiwa kuwa chungu, baridi na kavu. Kati ya nguvu tatu za mwili zinazotajwa na Ayurveda, inatuliza pitta na kapha lakini inachochea vata. Ndiyo maana mganga wa Ayurveda hamwachii mtu mwembamba, dhaifu au mwenye ngozi kavu aendelee nayo muda mrefu.

Wasiopaswa kunywa dawa hii ni hawa: mjamzito, anayenyonyesha, mume au mke anayetafuta mtoto (majaribio kwa wanyama yameonyesha inapunguza uzazi kwa pande zote mbili), mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au figo, aliyepandikizwa kiungo, na anayesubiri upasuaji. Na mwenye homa ya malaria apimwe na apewe dawa ya malaria. Majani hayachukui nafasi hiyo, hata jina la mti liahidi kutibu maradhi arobaini. Arobaini hapo ni ya kusifia, si ya kuhesabia.

SWALI: Mjukuu wangu ana miezi minne, ana mafua na tumbo limejaa. Nimeshauriwa nimpe kijiko cha chai cha mafuta ya mwarobaini. Ni salama?

JIBU: Hapana, bibi. Hata nusu kijiko, hata matone. Mwaka 1981 madaktari nchini Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta haya, kwa kiasi kinachoanzia hicho kijiko kimoja ulichoshauriwa. Ndani ya saa chache walianza kutapika, kulemewa na usingizi, kupumua mbiombio, kisha degedege. Ini na ubongo viliathirika, na wapo waliokufa. Kama mtoto ameshapewa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na ubebe chupa yenyewe. Kwa mafua na tumbo la mtoto wa miezi minne, mwoneshe kwa mhudumu wa afya.

SWALI: Mswaki wa mwarobaini unanitoa damu kwenye fizi. Je, ni dalili kwamba unafanya kazi?

JIBU: Ni dalili kwamba unasugua kwa nguvu, au kijiti ni kikavu, au fizi zako zinaumwa tayari. Sushruta alipanga vijiti vya meno kwa ladha, akasema katika vichungu nimba ndiyo bora. Lakini aliweka masharti pia. Kijiti kiwe kibichi, kimenyooka, hakina fundo, unene wa kidole kidogo cha mkono, urefu wa vidole kumi na viwili, yaani kama sentimita 22. Urefu huo una maana: kifupi mno hakishikiki vizuri ukifika magego ya nyuma.

Kata tawi la mwaka huu, lililo kijani bado. Menya gome sentimita 2 tu za mwisho. Tafuna ncha hiyo taratibu kwa dakika mbili tatu mpaka nyuzi zitengane ziwe laini kama brashi. Mate ya mwanzo, machungu kupita kiasi, yatemwe. Kisha piga mswaki kutoka kwenye fizi kwenda kwenye ncha ya jino, jino moja moja, bila kukata msumeno kwenda na kurudi. Ukimaliza, kata ncha iliyotumika uitupe. Kesho unatafuna mpya. Kijiti kilichokauka hakirudi kuwa brashi hata ukikiloweka. Nyuzi zinakuwa kama sindano, na hizo ndizo zinazochoma fizi.

Vitabu hivyohivyo vinamkataza mswaki mwenye vidonda mdomoni, mwenye ugonjwa wa koo au wa ulimi, anayetapika na anayekohoa sana. Damu ikiendelea wiki mbili baada ya kurekebisha mkono, mwone daktari wa meno.

SWALI: Nataka kutengeneza mafuta ya kupaka kwa ajili ya mba na muwasho. Mara ya kwanza nilikaanga majani kwenye mafuta, yakaungua na mafuta yakanuka moshi. Mara ya pili niliepua mapema, baada ya wiki mbili yakaota ukungu. Nakosea wapi?

JIBU: Umekosea pande zote mbili za jambo moja, nalo ni maji. Mara ya kwanza hayakuwepo, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuzuia joto lisipande. Jani lililo ndani ya mafuta matupu huungua kabla halijatoa kitu. Mara ya pili maji ya majani yalibaki ndani ya mafuta, na ukungu ukapata pa kuishi.

Utaratibu wa Ayurveda wa kupika mafuta, taila paka, ni sehemu 1 ya majani yaliyosagwa (kalka), sehemu 4 za mafuta, sehemu 16 za maji ya dawa. Kwa chupa ndogo: gramu 50 za majani mabichi yaliyosagwa laini, mililita 200 za mafuta ya ufuta, na mililita 800 za mchemsho wa majani uliochujwa. Tumia sufuria pana yenye ujazo wa lita 2 au zaidi, kwa sababu itafura. Weka vyote pamoja, moto mdogo, na usiondoke. Kalka huzama na kushika chini, hivyo mwiko uwe unakwangua sakafu ya sufuria kila baada ya dakika chache.

Saa ya kwanza utaona maji yanachemka tu na mafuta yanaelea juu. Maji yakipungua, sauti inabadilika: mchemko mzito unageuka kuwa mlio mwembamba wa kukaanga. Hapo punguza moto zaidi, maana kati ya kuiva na kuungua hakuna muda mrefu. Chota kalka kidogo kwa kijiko, iache ipoe kidogo, iviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikinata na kulowanisha vidole, bado. Ikijiviringa kama utambi mwembamba bila kushika vidole, imefika. Kisha utambi huo uuguse kwenye moto: ukitoa mlio wa kupasukapasuka, ndani kuna maji, ukiwaka kimya, epua. Alama nyingine ni povu. Mafuta yakiiva hutoa povu jingi juu (samli hufanya kinyume chake, povu hutulia). Kalka ikiwa ngumu inayovunjika kama makombo, umepita.

Chuja yangali vuguvugu kwa kitambaa kikavu, ndani ya chupa kavu ya rangi nyeusi. Tone moja la maji kwenye chupa linatosha kuharibu kazi yote. Kabla ya kupaka kichwani, paka kidogo ndani ya mkono, usubiri siku nzima. Usiyaweke machoni wala kwenye kidonda kibichi. Na tunarudia: haya ni mafuta ya ufuta yaliyopikwa na majani. Yale yaliyokamuliwa kwenye mbegu ni mazito, yananuka kama kitunguu saumu kilichochacha, na ni makali zaidi.

SWALI: Nilipulizia maji ya mwarobaini kwenye mboga zenye vidukari. Nilitumia mbegu za mwaka juzi na sabuni ya unga, nikapulizia saa sita mchana. Wadudu hawakufa, majani ya mboga yameungua. Kwa nini watu wanaisifu?

JIBU: Kwa sababu inafanya kazi kwa anayeijua tabia yake. Mwaka 1959, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer alishuhudia nchini Sudan nzige wakitua na kula kila kitu isipokuwa mwarobaini. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza walitenga kitu kinachowazuia nzige kula, azadiraktini. Hicho ndicho unachokitafuta, na kimejaa kwenye kiini cha mbegu kuliko kwenye jani. Hakiui papo hapo. Mdudu anaacha kula, anashindwa kujivua ngozi, hazai ipasavyo. Utaona tofauti baada ya siku kadhaa, tena zaidi kwa wadudu wachanga. Anayetaka kuona maiti jioni hiyohiyo atavunjika moyo.

Ila makosa yako matatu yangeizuia hata kama ungesubiri. Mbegu ikipita miezi minane hivi ghalani, nguvu imeshuka sana. Jua la mchana huivunja azadiraktini ndani ya muda mfupi. Na sabuni ya unga ina magadi. Inaivunja hiyo dawa, na ndiyo iliyounguza majani.

Kipimo kinachotumika sana India ni asilimia 5. Kwa lita 10: gramu 500 za viini vikavu. Kama unapima mbegu na maganda yake, hesabu karibu kilo 1, kwa sababu kiini ni takribani nusu ya uzito. Twanga kwenye kinu taratibu. Ukitwanga kwa nguvu mafuta hutoka na unga unakuwa donge. Funga unga kwenye kitambaa, loweka usiku kucha ndani ya lita 1 hadi 2 za maji ya baridi, kamwe si ya moto. Asubuhi kamua fungu hilo ndani ya maji yaleyale, lizamishe, likamue tena, mpaka kinachotoka kisiwe cheupe kama maziwa. Chuja kwa kitambaa mara mbili, la sivyo pua ya bomba itaziba katikati ya tuta. Ongeza maji yafike lita 10, weka mililita 10 za sabuni laini ya maji, koroga.

Pulizia jioni, siku hiyohiyo, na uelekeze bomba chini ya majani, maana vidukari wanakaa huko. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, au mapema mvua ikinyesha. Jaribu kwanza mimea miwili mitatu, subiri siku mbili. Mbegu zenye ukungu mweusi au wa kijani usizitwange. Kuvu hao wanaweza kuwa na sumu inayoharibu ini, na vumbi lake utalivuta wewe. Osha mboga kabla ya kula.

SWALI: Ni kweli Wamarekani wamejimilikisha mwarobaini?

JIBU: Mti, hapana. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya (hataza ni haki ya kumiliki uvumbuzi) iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya njia ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa Ubelgiji na shirikisho la kimataifa la kilimo hai walipinga, hoja yao ikiwa kwamba matumizi hayo yalijulikana India zamani. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005.

SWALI: Nimepanda mbegu sitini nilizohifadhi miezi mitano kwenye mfuko wa plastiki. Hata moja haijaota. Nizipasue?

JIBU: Pasua mbili tatu, lakini kwa kuzikagua. Kata kiini katikati: kikiwa kijani kibichi, mbegu ni hai, kikiwa cha njano iliyofifia au kahawia, imekufa. Tunadhani zako zote ni za kahawia. Mbegu ya mwarobaini haivumilii kusubiri, na ndani ya plastiki iliyofungwa inapata joto, jasho na ukungu.

Okota matunda ya manjano yaliyoanguka leo, si ya wiki jana. Siku hiyohiyo yasugue kwa mchanga na maji mpaka nyama yote itoke, kwa sababu nyama ikichacha inaua mbegu. Anika kivulini siku mbili tatu, kisha panda ndani ya wiki mbili, kina cha sentimita 1 hadi 2, mbegu ikiwa imelala. Udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Zitachomoza kati ya wiki moja na tatu.

Tumia viriba virefu, kwa sababu mzizi mkuu unakimbilia chini. Ukiona umetoka chini ya kiriba, mche umechelewa; ukiukata hovyo wakati wa kuhamisha, mti utadumaa msimu mzima. Miche ya miezi mitatu hadi minne, mvua zikianza, ndiyo wakati wake. Chagua mahali ambapo maji hayasimami. Ukame mti huu unauvumilia, tope hauliwezi. Matunda ya kwanza utayaona baada ya miaka 3 hadi 5.